Mgongo Mmoja, Makapteni Watatu

Jumatatu, 12 Januari 1931

Nimepata! Studio ya Weidenau imepiga simu dukani kwa muuza maziwa (mimi sina simu, yeye anayo, na kila ninapoitwa hunikunjia uso). Filamu ya kijeshi. Tena ya sauti! Ngome mlimani, theluji, Kapteni anamtuma mdogo wake wa damu akafe ili wenzake wapone. Watu watalia hadi waazimane leso. Wakaniuliza urefu, upana wa mabega, na kama naogopa farasi. Nikajibu kwamba farasi ndio wanaoniogopa mimi. Nimeajiriwa. Kapteni!

Sikungoja hata kunyoa ndevu. Mbio hadi sinema ya Spandau, dirisha la tiketi, kwa Ottilie wangu. Nikamwambia. Akamhudumia kwanza mteja aliyekuwa mbele yangu, kisha akaniuliza: "Kapteni kweli, Wendelin, au kama ule ubalozi wako wa mwaka jana?"

Hapo alinigusa kidonda. Mwaka jana niliigiza balozi. Nikamtangazia baba yake, Mzee Haberkorn, sajini mstaafu. Mzee akaenda, akakaa saa mbili akinitafuta kila pembe ya pazia, akarudi nyumbani shingo imekakamaa. Walikuwa wamenikata kwenye filamu. Hajasahau. Na jana, mbele ya keki ya tufaha, alitoa amri: anayetaka kumwoa binti yake lazima amwonyeshe uso wake kwenye pazia la sinema. "Nikiuona kwa macho yangu haya mawili, mchukue. Nisipouona, usinikanyagie tena zulia langu."

Basi atauona! Mkubwa kama mlango wa ghala!

Jioni. Kuna jambo dogo. Nimefika studio nikakuta makapteni watatu. Filamu hii inapigwa mara tatu: kwa Kijerumani, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Chumba kile kile, meza ile ile, waigizaji wanapokezana kwa zamu kama watu wa kiwandani. Von Rehfeld, Kapteni wetu, ni mrefu kama mlingoti. Dumoustier wa Wafaransa ananifika begani. Peverell wa Waingereza ana shingo isiyokwisha. Nikauliza mimi ni Kapteni wa lugha gani. Fundi cherehani akanigeuza, akanipima mabega, akasema: wa zote.

Ni hivi. Picha za mlimani zina usumbufu mwingi, kwa hiyo zinapigwa mara moja tu na kutumika katika filamu zote tatu. Kapteni anaonekana kwa mbali, kwa nyuma, koti refu, ukosi umesimama hadi masikioni. Wamewapima makapteni wote watatu, wakatafuta mtu wa katikati.

Mimi ni mgongo.

Mgongo katika lugha tatu! Si jambo la mchezo. Lakini Mzee hakusema mgongo. Sina wasiwasi. Kila mgongo una uso upande wa pili, na kinachotakiwa ni kugeuka tu.


Jumanne, 13 Januari

Mlimani tangu asubuhi. Baridi ya kukata masikio. Mwongozaji wetu ni Bwana Eisenlohr, mtu mdogo mwenye sauti kubwa na kofia ya manyoya. Akanieleza kazi: tembea hadi ukingoni, simama, tazama bonde. Usifanye lingine lolote.

Mpango wa kwanza: chafya. Nikatembea hadi ukingoni, nikasimama, nikachafya kwa nguvu zangu zote, na chafya ikanigeuza uso kwa uso na kamera. Safi kabisa! Nikatabasamu kidogo ili Mzee asikose kunitambua.

Kamera ikasimamishwa. Eisenlohr akaja kwa miguu katika theluji ya magoti, akaniuliza kama nina mafua. Nikasema kidogo. Akaniambia kwamba Kapteni amemtuma mdogo wake kufa, na mtu wa namna hiyo hachafyi, si kwa Kijerumani, si kwa Kifaransa, si kwa Kiingereza.

Mpango wa pili, baada ya chakula: farasi. Jike mmoja mnene anaitwa Bertha. Kazi yangu ni kumwongoza kwa hatamu tukipanda kilima. Nikatia vipande vya sukari katika mfuko wa mbele wa koti. Hesabu yangu: Bertha ananusa sukari, anakuja mbele yangu, mimi nageuka kumfuata, uso hadharani. Bertha alinusa sawasawa. Kisha akanyofoa mfuko mzima, pamoja na mimi. Nikateremka kilima kwa makalio hadi kwenye gari la taa.

Sijavunjika. Ila kukaa siwezi. Eisenlohr akaamuru turudie pale pale, kabla jua halijazama. Nikatembea hadi ukingoni polepole, mgongo wima, maana kuinama hakukuwezekana. Akapaza sauti kwamba hiyo ndiyo, hiyo hiyo, kata! Sikumwelewa. Sikuwa nimefanya chochote.


Alhamisi, 15 Januari

Nimegundua nina adui. Anaitwa Ignaz Zabel. Yeye ni mkono.

Kweli. Mkono wa Kapteni! Kila inapotakiwa picha ya karibu ya mkono ukishika bastola, ukikunja ramani, ukigonga meza, ni mkono wa Zabel, kwa makapteni wote watatu. Basi anavyoupakata mkono ule! Anautembeza ndani ya soksi ya sufi. Leo kantini, kwenye supu ya njegere na soseji, alikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia umelazwa juu ya kitambaa kama mgonjwa. Akanipa pole. Akasema mgongo ni kazi ya heshima kwa umri wangu. Nina miaka thelathini na moja! Akasema mkono wake utajaza pazia zima kutoka ukuta hadi ukuta, na kwamba jana alipita sinema ya Spandau akanunua tiketi kwa binti mmoja mzuri sana, akaiweka ile hela polepole ili binti avione vidole.

Nikaiacha supu yangu.

Nikaenda kwa Ottilie baada ya kazi. Akakiri kwamba ndiyo, kuna bwana mmoja alikuja, naye Ottilie akadhani mkono wake umepooza. Hapo roho ikatulia. Halafu akaniambia baba yake anauliza Kapteni wangu ni wa jeshi gani, kikosi kipi. Hilo ni gumu. Filamu itaonyeshwa kwa mataifa matatu yaliyopigana juzi tu, kwa hiyo hapa hakuna anayetajwa. Nchi haina jina. Adui hana jina. Sare ni ya kijani ambayo haijavaliwa na jeshi lolote duniani, na vifungo vina picha ya ndege ambaye hata fundi cherehani hamjui. Nikamwambia Ottilie amjibu baba yake kuwa ni siri ya kijeshi.


Ijumaa, 16 Januari

Mpango wa tatu. Kama Zabel hana mkono, watahitaji mkono. Nani yuko karibu, tayari amevaa koti? Na mkono ukishaingia picha ya karibu, uso hauko mbali, ni suala la sentimita chache.

Zabel hupaka mkono mafuta ya waridi kila mara kabla ya kazi. Anafumba macho akipaka, kwa raha. Nikachukua kopo lake, nikachanganya humo dawa nyeusi ya viatu. Akafumba macho, akapaka.

Loo! Alivyopiga kelele! Walisugua kwa sabuni, kwa spiriti, kwa mchanga. Haikutoka. Nikajitokeza taratibu kama mtu aliyekuwa akipita, nikatoa mkono wangu. Eisenlohr akaushika, akautazama pande zote mbili, akaniuliza nani huwa anazitafuna hizi kucha. Nikasema mwenyewe. Kisha akaamua kwamba kuanzia leo Kapteni anavaa glavu nyeupe.

Glavu zimempendeza Zabel kupita kiasi. Eisenlohr amemwongezea picha sita.


Jumamosi, 17 Januari

Mpango wa nne, na huu ulikuwa wa akili. Leo ni karamu ya maofisa: meza ndefu, mishumaa, bata bukini wa kuoka katikati. Wajerumani asubuhi, Wafaransa mchana, Waingereza jioni, bata yule yule. Maofisa wa pembeni hawasemi kitu, basi huketi zamu zote tatu. Mmoja anaumwa jino, hakuja. Nikavaa sare yake, nikapaka masharubu, nikaketi kwenye kiti chake kabla hajatafutwa mwingine. Bata yuko mbele yangu. Von Rehfeld yuko upande wa pili. Kamera inanitazama usoni!

Furaha ikanilegeza ulimi. Wakati taa zinapangwa, nikamnong'oneza jirani yangu, luteni mmoja mzee wa meno ya bandia, habari yote: Ottilie, Mzee Haberkorn, chafya, sukari ya Bertha, dawa ya viatu. Nikaongeza kwamba Eisenlohr ni kama jogoo, kelele nyingi na hajui jua linachomoza wapi. Luteni alicheka hadi akashika meno. Nikaona bata anavyong'aa, na asubuhi sikuwa nimekula. Nikachukua kisu nikamchoma bata pajani.

Kumbe alikuwa anang'aa kwa vanishi. Na kumbe tumboni mwake mlikuwa na maikrofoni.

Mlango wa kibanda cha sauti ukafunguka kwa kishindo. Fundi sauti akatoka ameshika masikio yote mawili, anapepesuka. Nyuma yake Eisenlohr. Alikuwa humo muda wote, amevaa visikizio, akisikia kila neno. Hata Wafaransa waliokuwa wakisubiri zamu yao mlangoni waliacha kutafuna.

Nikasimama nikavua kofia. Nilijua yamekwisha. Zabel akaanza kunipungia glavu.

Lakini hakunifukuza! Akasema, kwa upole ambao haukunipendeza, kwamba mgongo wangu umeshaingia katika filamu tatu. Zimebaki siku mbili za mlimani. Akinifukuza, itabidi awarudishe makapteni wote watatu, farasi, na theluji. "Huna thamani yoyote, Trapp," akaniambia, "ila siwezi kukukosa." Akanitoa mezani, akanirudisha kwenye ukosi wangu.

Sasa ndipo nilipopata akili. Hawezi kunikosa!


Jumatatu, 19 Januari

Nimegoma. Saa mbili asubuhi, nimeegemeza mgongo ukutani katika chumba cha mavazi, nikatangaza kwamba hauondoki hapo hadi nipewe uso. Uso mmoja. Sekunde tatu.

Fundi cherehani akaja kunibembeleza. Sikutikisika. Von Rehfeld mwenyewe akaja, akasema ananihusudu, hajawahi kuona mgongo wenye msimamo hivi. Nikamshukuru. Zabel akaja kusema kwamba mkono wake haugomi, una nidhamu. Nikamuuliza kama dawa ya viatu imetoka. Akaondoka.

Saa nne Eisenlohr akaja. Nilitegemea moto. Akakaa juu ya sanduku, akaniuliza huyo Ottilie yukoje. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nilianza na macho nikaishia kwenye jinsi anavyopiga mihuri ya tiketi, na katikati sauti ilinigeuka. Nampenda yule binti, ndiyo ukweli. Miaka mitatu nasimama kwenye foleni ya sinema bila kutaka kuona filamu. Eisenlohr akajikuna chini ya kofia ya manyoya. Akasema sawa, uso utapigwa, keshokutwa, katika dhoruba.

Nimeshinda! Mgomo wa saa mbili tu! Vyama vya wafanyakazi vije vijifunze kwangu.


Jumatano, 21 Januari

Dhoruba ilikuwa feni ya injini ya ndege na magunia kumi na mawili ya unga wa ngano. Nilipewa ishara. Nikageuka. Nikafumbua macho, nikatabasamu, nikafungua mdomo ili meno yaonekane.

Iliwachukua robo saa kunitoa unga puani. Luteni wa meno ya bandia aliniambia kwamba kilichobaki ni kunitia tu kwenye oveni. Lakini uso ni uso! Umo ndani ya kamera, mweupe kidogo. Nimemwandikia Mzee Haberkorn kadi: aje onyesho la kwanza, nitakuwa naonekana wazi.


Ijumaa, 17 Aprili

Onyesho la kwanza, sinema ya Spandau. Hata koti sijavua. Naandika hivi hivi.

Mzee alikuja na koti lake la sikukuu, medali mbili, akaketi mstari wa mbele kabisa, mimi kulia kwake. Ottilie alifunga dirisha la tiketi, akaja akasimama kando ya ukuta, nje kidogo ya mwanga. Zabel naye alikuwepo, safu ya kati, glavu nyeupe mkononi, anasalimia watu asiowajua.

Dakika ya tatu, Kapteni akaonyeshwa uso. Von Rehfeld, mkubwa, na pua yake yote. Mzee akaniinamia.

"Huyo ndiye wewe?"

Nikamnong'oneza kwamba ni vipodozi, wanafanya maajabu siku hizi.

"Na sauti?"

Nikasema nilikuwa na mafua. Baadaye akanung'unika kwamba vifungo vile ni vya bendi ya sarakasi. Nikatoka jasho hadi ndani ya viatu. Mkono wa Zabel ulijaza pazia mara tisa, na kila mara kulisikika mtu mmoja akipiga makofi safu ya kati.

Ikafika asubuhi ya mlimani. Kapteni ametoka kumtuma mdogo wake. Mgongo unapanda theluji, polepole, wima, unafika ukingoni, unasimama. Siku ya Bertha! Nilijua maumivu ya kila hatua. Nikamtazama Mzee kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono juu ya magoti, hapumui.

Nikangoja dhoruba. Dhoruba ikaja. Unga, unga, unga, kisha Von Rehfeld akipiga saluti. Wamenikata! Mwisho. Taa. Watu wanafuta machozi. Ottilie ukutani ananitazama na mimi sijui niuweke wapi uso wangu, huo huo usioonekana popote.

Tukatoka nje. Mzee mbele, mimi nyuma yake, Ottilie nyuma yangu. Kwenye kona ya muuza mkate akasimama. Nikaanza kueleza juu ya unga. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Ule uso haukuwa wako, we mwongo. Mimi si kipofu." Nikasema ndiyo, Mzee. "Mgongo ndio ulikuwa wako."

Nikasema ndiyo.

Akasema miaka minne ya vita alitembea nyuma ya migongo. Nyuso nyingi ameshazisahau, na anaona aibu kwa hilo. Migongo hajasahau hata mmoja. Alikuwa akiitambua usiku, katika mvua, hata ilipokuwa imelala chini. "Pale kilimani," akasema, "ulikwenda kama mtu anayejua amemwacha nani nyuma. Huo hauigizwi. Sijui uliutoa wapi." Akapenga kamasi kwa nguvu. Kisha: "Njoo Jumapili. Saa tisa. Kuna keki."

Ottilie akanishika mkono hapo hapo barabarani, mbele ya baba yake, na Mzee akajifanya anasoma bei za mikate. Nimetembea hadi nyumbani bila kupanda tramu. Kilomita saba! Sikuzihisi. Nilitaka kumwambia ukweli kuhusu Bertha, lakini mtu hamwambii mzee jambo kama hilo wakati analia.


Jumapili, 19 Aprili

Keki ya tufaha, vipande vitatu. Ottilie amevaa gauni la bluu. Mzee ametoa chupa ya pombe ya matunda aliyoificha tangu mwaka wa kuzaliwa kwa binti yake. Akanimiminia kwanza mimi. Akaniita mwanangu. Tukapanga: harusi Juni, wiki ya pili, kanisa la mtaani kwao. Ottilie alicheka kila mara mtu alipofungua mdomo, hata kabla hajasema neno. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki kwangu kilikuwa kula na kunyamaza.

Mzee akauliza kwa wema tu nina kazi gani sasa. Nikamwambia Eisenlohr ameniandikia jana. Filamu mpya ya wanamaji, lugha nne safari hii, na ameomba mgongo wangu kwa jina. Mzee akafurahi hadi akapiga meza. Akasema safi sana, mgongo ule ule baharini, ataenda kuutazama mara mbili.

Hapo ndipo nilipojisikia nikisema, keki mdomoni, kwamba la, Mzee, safari hii si mgongo. Safari hii ni uso. Nahodha mwenyewe, mbele mbele, lugha zote nne.

Ottilie akanipiga teke chini ya meza. Nilidhani ni la mapenzi.

Mzee akaweka uma chini. Akasema vizuri sana, ni habari njema, na kwa kuwa nimelitaja mwenyewe, tungoje tuuone kwanza huo uso. Harusi baadaye. Akarudisha kizibo kwenye chupa.

Filamu itatoka Novemba. Ottilie hajasema nami tangu saa kumi na moja, lakini hasira zake hazikai. Na mimi nimeshapata mpango. Manowari ina madirisha ya duara ubavuni, na kichwa cha mtu kinapita humo bila taabu yoyote. Nimejaribu jioni hii kwa sufuria ya mama mwenye nyumba. Kuingia kiliingia vizuri, hadi kwenye nyusi; kutoka ndiko kimegoma. Yeye na muuza maziwa wamekwenda kutafuta sabuni.